Anapoingia, Anapotoka

Bi Shinuna wa Ibra hakutaka mengi.
Vijipicha vinne tu juu ya ukurasa:
kofia, chetezo, dele la kahawa, na simu ya kupigia.
"Vyote vimenuna," akaniambia, "kijivu kama majivu ya jana.
Mtu akisogea, na vichangamke.
Kwani mimi mteja akija nabaki nimekunja uso?"

Nikakaa chumba cha nyuma, kiyoyozi kinakohoa,
nje Agosti inachoma bati la gereji ya jirani.
Nikamuuliza: rangi gani?
Akaenda jikoni, akarudi na nyuzi tatu za zafarani
ndani ya kikombe cha maji ya moto.
"Subiri," akasema. Tukasubiri.
Maji yakaanza kuona haya.
"Hapo! Kabla haijaiva sana. Hiyo hiyo."
Nikaitafuta, tarakimu kwa tarakimu,
alama ya reli na sita nyuma yake,
mara imezidi wekundu, mara imechujuka,
hadi skrini na kikombe vikafanana,
au nilichoka nikaona vinafanana.

Kisha nikaandika. Msimbo wenyewe si mrefu:
kishale kikiingia, vaa zafarani.
Basi. Nikapitisha kipanya,
kofia ikawaka, chetezo kikawaka,
dele, simu,
nikajipigia makofi peke yangu.

Lakini vikabaki vimewaka.
Kishale kimeshakwenda zake, kiko kona ya chini huko,
navyo vinne bado vinacheka na hewa
kama watu walioamkiwa asubuhi
wakaitikia marahaba mpaka magharibi.

Bi Shinuna akainama, miwani puani,
akacheka mpaka akashika ukuta.
"Ndio sisi hao! Babu kaenda Unguja mara moja,
kaguswa,
mpaka leo nyumba nzima hapa Ibra tunaota kwa Kiswahili.
Nani alituandikia mstari wa kurudi?"
Hakucheka tena baada ya hapo.
Akainywa ile zafarani.

Nikauandika mstari wa pili:
kishale kikitoka, rudi kijivu.
Ni mfupi kuliko wa kwanza
na nimeusahau mara nyingi, si kazini tu.
Nikatia nusu sekunde kati ya rangi na rangi,
isiwe taa inayozimwa na mwenye nyumba bahili,
iwe mtu anayekusindikiza mpaka mlangoni.

Usiku akanipigia.
"Sasa kwenye simu yangu nafanyaje?
Nasogeza kidole, kimya. Nagusa, inafunguka."
Nikamweleza: kidole hakielei, Bibi.
Kioo cha simu hakimjui mtu aliye karibu.
Kinamjua aliyegusa na asiyekuja.
Akanyamaza. Nikasikia feni yake.
"Na wateja wangu wote wana simu."
"Wote, Bibi."
"Hao wenye kipanya ni nani?"
"Mimi," nikasema. "Na labda mtu wa benki."

Jumatano nikamfuata soko la wanawake
kudai riali zangu thelathini na tano.
Amekaa chini, kofia zimepangwa juu ya shuka.
Mama mmoja, mgeni, nadhani wa Bidiya,
akapeleka mkono juu ya kofia ya nili
na mkono ukasimama hapo, hewani, shibiri moja,
haushuki, hauondoki.
Bi Shinuna hakumtazama.
Alikuwa anahesabu baisa za mtu mwingine.
Lakini nikaiona shavuni,
kabla haijaiva sana,
ile rangi yangu.

Mkono ukaondoka.
Nikahesabu kimoyomoyo. Nusu sekunde ikapita,
ikapita nyingine.
Mama yule ameshafika kwenye ndimu kavu, anabishana bei,
na rangi bado haijarudi.